Pauni ya Miwani

Matrah, 14 Juni 1967

Waraka umetoka leo. Ni miaka miwili na miezi mitatu tangu kakaangu Thabit apeleke maombi, na leo karani kampa tu, kama anayemrudishia mtu mwavuli aliousahau. Dada yetu Mahbuba na watoto wake wawili wanaruhusiwa kuingia Maskati kabla ya mwisho wa Oktoba. Tulifurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Kisha nikauliza nauli.

Mombasa hadi Karachi, Karachi hadi hapa, kwa sitaha, mtu mzima mmoja na watoto wawili: rupia mia tisa na ishirini. Mimi na Thabit tukikung'uta kila kitu tunazo mia mbili na arubaini. Yeye mtunza stoo kwenye kambi ya mafuta ya Saih al-Malih, mimi nagawa dawa na kutafsiri hospitalini. Mahbuba anakaa chumba cha uani kwa wifi zake Mombasa tangu tulipotawanyika Unguja mwaka sitini na nne. Mume hana tena, na barua zake kila mara zinazidi kuwa fupi.

Mama Mkubwa alikuwa akisugua vyombo kwa majivu, akaendelea kusugua.

17 Juni

Upepo wa bara umepiga kutwa. Kitasa cha mlango kinaunguza mkono.

19 Juni

Kesho Mama Mkubwa anakwenda Bawshar kukaa shambani mpaka tende zishe, kama kila mwaka. Jina lake Bi Masouda. Ni dada mkubwa wa marehemu mama yetu, ndiye aliyetulea, na mimi Nasriya, mwanamke wa miaka thelathini na moja, bado huniuliza kama nimekula. Kafunga godoro, birika, mswala na pauni yake.

Hii pauni inabidi niiandike, maana inanitoa roho. Ni ndogo na nyembamba kuliko pauni za kweli, kama ganda la kitunguu, na imetiwa kikuku juu ipate kuvaliwa shingoni. Upande mmoja pana mtu amesimama na taji. Upande wa pili pana maandishi na, chini yake, miwani. Miwani hasa, vioo viwili vya duara na daraja la puani. Bibi yake alikuwa nayo Unguja, na aliyempa bibi hajulikani. Kwa sababu ya hiyo miwani, wazee wakaamua kwamba ni dawa ya macho. Huchovywa kwenye marashi, ikalazwa juu ya kope, ikasomewa.

Kule Unguja lilikuwa jambo la nyumbani kwetu. Hapa, ambapo nusu ya watoto wana macho mekundu yanayotoka usaha, wanawake wanapiga foleni. Mimi kutwa natia mafuta ya dawa kwenye macho ya watu, narudi nyumbani naona mwanamke kakaa juu ya mkeka wangu, mtoto mapajani, na dhahabu juu ya jicho. Miaka mitatu nasema kila jioni: kunawa mikono kwanza, maji yachemshwe, kila mtoto na kitambaa chake, kisha aje hospitali. Mama Mkubwa hujibu, "Haya, mwanangu," na anaendelea kuisugua pauni yake kwa ndimu.

23 Juni, Ijumaa

Thabit karudi kutoka kambini na karatasi.

Kuna mhandisi pale, Mdenmark, Bwana Mogens. Wakati wa chakula alivua miwani kufuta jasho, na Thabit, kwa kutaka watu wacheke, akasema kwetu tuna pauni yenye miwani. Yule mtu akaweka kijiko chini. Akauliza, miwani iko juu au chini ya maandishi? Chini. Akachukua karatasi akachora.

Nimeitazama hiyo karatasi mpaka chai ikapoa. Ni pauni yetu. Mfalme kasimama, fimbo mkono mmoja, tufe mkono wa pili. Upande wa pili maneno kwa mistari, kisha mwaka 1647, kisha miwani. Kaichora bila ya kuiona.

Anasema ni sarafu ya mfalme wao Christian wa Nne. Ilisemekana dhahabu imepatikana katika milima ya Norwei, watu wakabisha, basi mfalme akaipiga sarafu kwa dhahabu hiyohiyo na kuitia miwani, ili wasioona wavae waone. Yale maneno ni ya Kilatini, maana yake tazama maajabu ya Mola. Zimebaki chache sana duniani. Iliyo nzima, isiyoguswa, anakisia itapata pauni mia tatu za Kiingereza huko Kopenhagen. Thabit alipiga hesabu: rupia elfu nne.

Na katoa maagizo matatu. Isioshwe. Isisuguliwe. Kikuku kisitolewe na sonara yeyote.

Isisuguliwe! Mwanamke huyu anaisugua kwa ndimu na majivu kila Alhamisi tangu kabla sijazaliwa.

30 Juni, Ijumaa

Bawshar, kwa Land Rover ya kambi. Mama Mkubwa nimemkuta kwenye kibanda cha makuti ukingoni mwa falaji, mfereji wa maji ya shamba, anachambua tende, uso umemnawiri kuliko mimi. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilipaswa kunitia wasiwasi.

"Huyo Mzungu macho yanamuuma?"

"Hayamuumi, Mama Mkubwa. Anakusanya sarafu za kale."

"Anazifanyia nini?"

"Anaziweka kwenye kabati."

"Anaziweka tu?"

"Anazitazama."

Akatupa kokwa. "Na anasema nisiisafishe."

"Kuisugua kunaiharibia thamani."

"Sasa pauni chafu itamponya nani?"

Thabit aliinuka akaenda kunawa uso kwenye falaji. Mimi nikashusha pumzi nikamwambia, Mama Mkubwa, ni nauli ya Mahbuba. Hapo mkono wake uliacha kuchambua tende. Kisha akasema, "Pauni sinayo. Nimemuazima Hamdiya." Hamdiya ni jirani wa shamba la chini. Tukaenda kwa Hamdiya. Hamdiya kaenda harusini Sib.

"Ataileta," alisema Mama Mkubwa. "Dhahabu haipotei kwa watu wanaosali."

3 Julai

Leo wagonjwa wa macho arubaini na mmoja. Mafuta ya dawa yamekwisha saa tano.

14 Julai, Ijumaa

Hamdiya karudi. Pauni haikurudi. Kampa mkwewe wa Ghubra, mtoto wake jicho limevimba. Mama Mkubwa ananiambia hayo kama anayenipa khabari njema.

"Ungemwambia airudishe," nilisema.

"Kabla mtoto hajapona?"

"Mtoto atapona akija hospitali."

"Basi mlete hospitali. Nani kakuzuia?"

Nilirudi Matrah sijasema na mtu njia nzima, na Thabit akadhani nimemkasirikia yeye, akanuna naye.

15 Julai

Bado amenuna.

28 Julai, Ijumaa

Meli ya kwanza ya mafuta imejaa na kuondoka. Kambini wamechinja, Thabit kaleta mguu wa mbuzi na khabari mbaya: kazi ya Bwana Mogens imekwisha, anaondoka tarehe kumi na mbili Septemba. Kila siku anamuuliza Thabit, sarafu iko wapi? Thabit anamjibu iko njiani. Mwezi mzima iko njiani.

5 Agosti

Unyevu. Karatasi ya daftari inashika mkono. Hakuna gari.

11 Agosti, Ijumaa

Ghubra. Tumeipata nyumba ya yule mkwe. Mtoto mzima, anarukaruka. Pauni haipo. Mama yake huyo mkwe, Bi Muhsina, alikuja kumtazama mjukuu, akaondoka nayo kwao Quriyat kwa ajili ya binti yake mdogo.

Niliketi kizingitini nikacheka. Thabit alinitazama kama anayefikiria kumwita daktari.

Jambo moja la ajabu. Yule mkwe alinitengea maji ninawe kabla ya kumgusa mtoto. Nikamuuliza hayo kayajua wapi. Akasema, "Ni sharti la pauni." Sikumuuliza zaidi, nilikuwa nimechoka.

16 Agosti

Barua ya Mahbuba, mistari sita. Wifi yake anamuoza mwanawe na chumba kinatakiwa mwisho wa Septemba. Haombi kitu. Anasema Yaarub amepoteza meno mawili ya mbele na Kheiria ameanza kuuliza Maskati ni wapi. Kuna meli tarehe ishirini na mbili Septemba. Inayofuata itafika Novemba, na waraka utakuwa umekufa.

Tumekusanya mia tatu na kumi.

24 Agosti

Bi mkubwa wa hospitali kanipa ruhusa ya siku tatu baada ya kumwomba mara nne. Kesho Quriyat.

27 Agosti

Nimerudi jana, mgongo bado unadhani uko ndani ya lori. Njia ya Quriyat si njia, ni bonde la mawe ambalo mtu mmoja aliwahi kupita akawadanganya wenzake kuwa linapitika. Tulikwama mara mbili. Thabit alitapika. Tulifika alasiri, samaki wameanikwa kila mahali, na nyumba ya Bi Muhsina iko mwisho kabisa, kwenye mitende.

Pauni ilikuwepo. Niliiona kwa macho yangu, juu ya jicho la msichana wa miaka minane aliyelala kwenye chumba chenye giza. Nikaitoa nikalitazama jicho. Lilikuwa baya, lakini nimeona mabaya zaidi yakiokoka. Nikanawa, nikatia mafuta ya dawa, nikamwonyesha Bi Muhsina namna ya kuyatia, mara nne kwa siku, siku kumi. Nikasubiri anibishie. Hakubisha. Alisema, "Maji yaliyochemshwa yako tayari, na kitambaa chake mwenyewe kile pale kamba ya peke yake."

"Nani kakwambia hayo?"

"Bi Masouda." Akanishangaa. "Wewe si binti yake? Haazimi mpaka uape. Kwanza unanawa mikono kwa sabuni, wewe na mgonjwa. Maji yachemke mpaka uhesabu tasbihi nzima, yapoe, yatiwe chumvi. Kitambaa hakishirikiwi, hata na ndugu yake. Nzi hatui usoni. Pauni inawekwa mwisho, dakika chache, na siku ya tatu jicho likiwa halijafunguka unampeleka Matrah kwa binti wa Zinjibari. Ukivunja sharti moja, pauni haifanyi kazi. Wewe ndiye binti wa Zinjibari?"

Nikasema ni mimi.

"Nilikuwa nangoja gari," akasema. "Jicho la kwanza lilipona. Hili la pili leo ni siku ya nne."

Nilitoka nje nikasimama na samaki. Maneno hayo ni yangu. Neno kwa neno, hata ile chumvi. Miaka mitatu nimeyasema kwa ukuta, na ukuta ukayabeba mpaka Quriyat. Mimi nikiwaambia wanawake hospitalini wachemshe maji, wananijibu inshallah na kwenda zao. Yeye kawaapisha kwa dhahabu.

Na sikufurahi, niandike ukweli. Nilikasirika. Kwa nini hakuniambia? Kwa nini kanijibu "haya, mwanangu" mara elfu moja, na mimi nikalala kila siku najiona mjinga?

Bi Muhsina kanipa pauni bila ya neno, kaifunga kwenye leso. Ndani ya lori Thabit akasema twende moja kwa moja kambini. "Tumuuzie leo. Tukimrudishia bibi, kesho iko Nizwa."

Nilikuwa nayo mkononi. Nilijua anachosema ni kweli.

"Si yetu," nilimwambia.

"Na Mahbuba si wetu?"

Nikaifunga tena kwenye leso, nikaitia kifuani.

1 Septemba, Ijumaa

Nimempelekea. Kaivaa shingoni, kaitia ndani ya nguo. Nikamwambia nimefika Quriyat, nimesikia masharti.

"Mtoto vipi?"

"Atapona. Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ndiye uliyeniambia."

"Nilidhani husikilizi."

"Nilikuwa nasikiliza. Nilikuwa sisemi." Akamimina kahawa. "Nilipokuja hapa, Nasriya, sijui Kiarabu cha watu, wananicheka nikitamka. Unguja watu walikuwa wakibisha hodi kwangu kutwa. Hapa miezi kwa miezi hakuna aliyebisha. Mtoto wa kwanza aliyeumwa macho ndiye aliyeufungua mlango wangu. Ningewaambia njooni nikufundisheni kunawa, nani angekuja?"

Nikamwuliza basi tufanye nini kuhusu nauli. Alisema kahawa inapoa.

4 Septemba

Hakuna neno kutoka Bawshar.

5 Septemba

Hakuna neno. Bwana Mogens kamuuliza Thabit kama sisi ni watu wa kweli.

6 Septemba

Hakuna. Nimevunja chupa mbili za dawa hospitalini, na moja haikuwa bahati mbaya.

7 Septemba

Mwanamme mmoja wa Bawshar kaja na punda, kaleta kikapu cha tende na ujumbe wa mdomo: "Bi Masouda anasema mleteni Mzungu. Mleteni hapa, yeye mwenyewe haendi kwa mtu."

8 Septemba, Ijumaa

Naandika yote, maana nikikosa leo nitayaona ni uongo kesho.

Bwana Mogens kaja mwenyewe na Land Rover. Mtu mrefu, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, kavaa shati lililopigwa pasi, na jasho limelimaliza. Mama Mkubwa kaketi kwenye mkeka wake mpya, kajifunika vizuri, kawatangulizia tende na kahawa. Hamdiya na wanawake watatu wako nyuma ya pazia la makuti, wanasikiliza neno wasilolielewa. Mimi katikati, natafsiri.

Pauni kaiweka mwenyewe juu ya sahani ya kaure.

Bwana Mogens hakuigusa mara moja. Aliinama akaitazama, kisha akatoa kioo chake cha kukuzia, akaishika kwa kingo. Nilimwona uso ukiporomoka. Akaniambia taratibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama daktari anayetoa khabari mbaya. Kikuku kimechomewa juu ya taji la mfalme. Uso wa mfalme haupo kabisa, umefutika. Akageuza. Hapo akaisogeza karibu zaidi na kioo. Upande wa miwani ni kama umetoka jana.

"Imekuwaje upande mmoja tu?" akauliza.

Nikamfasiria Mama Mkubwa. Akajibu, "Upande wa mfalme ndio unaogusa jicho. Miwani inatazama nje. Hata ndimu ni ya mfalme. Miwani nafuta kwa kanga tu, bibi yangu alisema isiumizwe."

Nilimfasiria. Yule Mdenmark alivua miwani yake mwenyewe akaifuta, na haikuwa na uchafu.

Akasema ukweli wote, na kwa hilo nimemheshimu. Kwa mkusanyaji, kikuku ni jeraha na uso uliofutika ni jeraha la pili. Duka la Kopenhagen lingempa theluthi ya thamani, pengine chini ya hapo. Yeye anaweza kutoa pauni sitini za Kiingereza. Rupia mia nane.

Nilipiga hesabu kichwani haraka. Mia nane na zetu mia tatu na kumi. Inatosha! Nikafungua mdomo kusema tunakubali, Mama Mkubwa akaniwekea mkono gotini.

"Muulize, anazo ngapi kama hii?"

"Hana hata moja."

"Babake?"

"Babake aliitafuta maisha yake yote. Alikufa hakuipata."

"Basi mwambie bei aliyotaja ni ya duka. Mimi siuzi dukani. Namuuzia mtoto wa mtu aliyekufa anaitafuta."

Nilisita. Nikamwambia kwa Kiswahili, Mama Mkubwa, ataondoka huyu.

"Mfasirie, usinichungie."

Nikamfasiria. Bwana Mogens alitazama sahani kwa muda mrefu. Kisha akasema rupia elfu moja, na huo ndio mwisho wa alichonacho nchi hii.

"Elfu moja," alisema Mama Mkubwa, "na katoni moja ya mafuta ya macho, yale ya Nasriya. Anapita Bahrain, atanunua Bahrain."

Akakubali. Wakapeana mkono juu ya leso. Mama Mkubwa aliishika pauni mara ya mwisho na mimi nikadhani ataisugua, Mola nisamehe, nikataka kumrukia. Hakuisugua. Aliitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati la Bwana Mogens, akakifunga kishikizo.

Walipoondoka nikamwuliza kwa nini kaamua.

"Siku ile bandarini Unguja," alisema, "Mahbuba tumbo kubwa, wakampandisha meli nyingine. Nikamwambia nenda, baada ya mwezi nitakuita." Akaanza kukusanya vikombe. "Mwezi gani huo, Nasriya?"

9 Septemba

Fedha zimepelekwa Mombasa kwa njia ya benki. Karani wa benki kaliandika jina la Mahbuba kwa makosa mara mbili kabla ya kulipata. Nilimsimamia mpaka mwisho.

12 Septemba

Bwana Mogens kaondoka.

2 Oktoba

Simu ya upepo kutoka Karachi: WAZIMA TUNAKUJA. Thabit kaisoma kwa sauti mara tatu, ya mwisho kwa jirani asiyejua Kiswahili.

11 Oktoba

Wamefika. Meli imetia nanga nje, mashua ikawaleta ufukweni. Mahbuba amekonda, Yaarub hana meno, Kheiria hakutaka kuniachia ukosi. Mama Mkubwa karudi kutoka Bawshar kwa ajili yao, kasimama kwenye mchanga wa moto hakukubali kiti.

Tulilia kwa namna ya kawaida. Kisha, hata mizigo haijavuka barabara, Mahbuba akasema, "Kheiria macho yamemvimba tangu Karachi. Pauni iko wapi?"

Nikamwambia.

Akasimama. "Mmeiuza? Pauni ya bibi? Kwa Mzungu?" Akaweka kifurushi chini, kwenye mchanga wa Matrah, mbele ya mahamali. "Afadhali mngeniacha Mombasa. Nani aliyekuambieni muiuze?"

Miezi minne. Nimekwenda Bawshar, Ghubra, Quriyat. Nilitafuta neno la kumjibu dada yangu nikakuta nina mengi mno, na yote mabaya.

Mama Mkubwa akaokota kifurushi. "Pauni ndiyo uliyoipanda mpaka hapa," alimwambia. "Sasa tembea."

13 Oktoba, Ijumaa

Mahbuba hasemi na Mama Mkubwa. Anasema nami kupitia Thabit. Tuko watu sita katika vyumba viwili, Thabit analala juu ya dari, na Yaarub kaifungua redio kuona anayesema ndani. Kheiria namtia mafuta mara nne kwa siku, anapiga kelele kama anachinjwa. Jicho la kushoto limefunguka.

17 Oktoba

Katoni ya Bahrain imefika. Joto la ghala la forodha limeyayeyusha mafuta, nusu ya vibomba vimepasuka. Nusu ni vizima. Bwana Mogens katia na barua fupi: sarafu haitaingia kabatini, itakaa mezani pake, upande wa miwani juu.

Nilimsomea Mama Mkubwa. Akasema, "Vizuri," na kuniuliza kama nimekula.

20 Oktoba, Ijumaa

Mahbuba leo kamwambia Mama Mkubwa chai haina sukari. Ni maneno yake ya kwanza kwake tangu ufukweni.

Alasiri Hamdiya kabisha hodi, katoka Bawshar na mjukuu mgongoni, macho yamegandana. Alikuwepo nyuma ya pazia siku ile, aliona kishikizo kikifungwa, na bado kaja njia yote hiyo. Kaketi mkekani. Kangoja. Mahbuba alimtazama Mama Mkubwa, na mimi pia, kila mtu na lake moyoni.

"Pauni imesafiri," alisema Mama Mkubwa kwa Kiarabu chake kile wanachokicheka. "Masharti yamebaki. Kanawe mikono."

Hamdiya alikaa kidogo, kama mtu anayepima kama ameibiwa. Kisha akamshusha mtoto mapajani mwa Mahbuba, aliyekuwa karibu zaidi, akaenda kwenye mtungi kunawa.